Mwandishi Aliyepima Mkono Wangu

Kitabu changu sikukiandika mimi. Jina la kwenye jalada ni langu, picha ni yangu nimevaa koti la bluu, na yaliyomo ndani ni maisha yangu. Lakini aliyekaa kitako akayapanga ni mama mmoja aliyekuwa anaishi Nyegezi, nyuma ya stendi ya mabasi. Mimi niliishia darasa la nne. Maandishi ya kitabuni nayasoma polepole, neno moja moja, na mwandiko wangu ni kama kuku kachakura. Sioni aibu. Kwa elimu hiyohiyo nimeunda mitumbwi ambayo mpaka leo inavua dagaa kutoka Ilemela hadi visiwani, na waliosoma kuliko mimi ndio wanaokuja kuniomba kazi.

Nayasema haya kwa sababu mkataba wetu ulimfunga yeye asiseme. Mimi haukunifunga. Jambo moja tu aliniomba, nisitaje jina lake, nami nimekubali. Nitamwita Mwandishi, kama nilivyomwita miaka yote. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui. Sikuwahi kumuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza.

Siku hizi vijana waliomaliza vyuo wanakuja karakanani kwangu. Wanataka kuishi kwa kuwaandikia watu vitabu, ile kazi wanayoiita uandishi wa kivuli. Wananiuliza, mzee, yule mama alikuwa anafanyaje? Wanadhani ana dawa. Hana dawa. Ana mazoea yake tu, na mazoea hayo karibu yaniumbue mbele ya mafundi wangu. Lakini bila hayo, mtu mmoja wa Igombe angeingia kaburini bila kupewa haki yake, na mimi ningebaki nayo mfukoni. Nitafika huko.

Nianze na asubuhi yake. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaandika mpaka saa nne, basi. Ikigonga saa nne anafunika kalamu hata kama sentensi iko katikati. Alisema sentensi iliyoachwa katikati humsubiri mwenyewe kesho, ila iliyomalizika inamwachia ukuta. Mchana ulikuwa wa kusikiliza watu, jioni ya kupika na kuunguza. Hakuwahi kubadilisha, awe ana kazi nyingi au hana hata moja.

Siku moja nilifika kwake saa mbili asubuhi, nimekumbuka jambo la ujana wangu. Nikapiga hodi. Akafungua dirisha, mlango hakufungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fungua, nimekumbuka jambo kubwa."

"Likumbuke mpaka saa nne."

"Nitalisahau!"

"Ukilisahau, halikuwa la kitabu."

Akafunga dirisha. Mimi, ninayeitwa bosi na mafundi kumi na wawili, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mlangoni pake kama mgonjwa anayesubiri daktari. Wapita njia wananisalimu, naitikia, nanuna. Saa nne alipofungua nilikuwa nimeshalisahau. Akacheka mpaka akakaa chini. Na kusema kweli, mpaka leo silikumbuki.

Ndani ya chumba chake ukutani palikuwa na misumari miwili, na kwenye kila msumari mfuko wa kitenge. Mfuko mmoja, mtu mmoja. Wangu ulikuwa wa njano wenye maua. Daftari langu, picha zangu, barua zangu za zamani, vyote humo. Wa pili ulikuwa wa kijani, na hakuniambia ni wa nani hata nilipombembeleza. Mfuko mmoja ukiwa mezani, mwingine uko msumarini, haishuki yote miwili siku moja. Msumari wa tatu hakuupigilia. Wakati nipo pale alikuja mheshimiwa mmoja na dereva wake, anataka kitabu kabla ya uchaguzi. Akamwambia, "Nina watu wawili. Rudi wakiisha." Mheshimiwa akasema yeye si mtu wa kusubiri. Akamjibu, "Basi si mtu wangu," akamsindikiza hadi kwenye gari kwa heshima zote, akarudi kukaa.

Mambo ya mifuko alijifunza kwa kuumia, na alinisimulia mwenyewe. Zamani alikuwa anaandika vitabu vitatu kwa mpigo, karatasi zote meza moja. Siku moja mchungaji mstaafu alikuwa anasomewa utoto wake, akakuta anachunga mbuzi, mbuzi wanaingia shamba la pamba, anachapwa. Mchungaji akamwambia, "Binti yangu, mimi nimekulia mjini, nyumbani kwetu hatukuwa na mbuzi hata wa Krismasi." Mbuzi walikuwa wa diwani mmoja. Mwandishi aliomba radhi, akaenda dukani siku ileile kununua kitenge.

Kabla hata hujanywa soda kwake, anakutolea karatasi moja. Moja tu, upande mmoja. Imeandikwa kitabu ni cha nani, nani ataonyeshwa kabla hakijakwisha, nini hakitaandikwa, na kazi ikikatika katikati daftari linakwenda kwa nani. Mimi nikasema, mama, tunaaminiana, za nini karatasi? Akasema, "Tunaandikiana sasa hivi tukiwa bado tunapendana." Nikaweka sahihi, nikabonyeza na dole gumba juu yake ili asije akasema si mimi. Kazi ikiisha, daftari na kila kipande cha karatasi anakukabidhi, na alivyorekodi kwenye simu anafuta mbele yako. Anabaki na kichwa chake tu. Na kichwa chake hakikuwa na mlango wa nje.

Sasa hapo kuna jambo lililonishangaza. Huyu mama ambaye jina lake halikuwepo kwenye kitabu chochote alichoandika, jina lake lilikuwa kwenye kila kitu kingine. Ndoo niliyoikalia, jina. Viti vya plastiki, jina. Vijiko, sahani, mwiko, mpini wa jembe, vyote ameviandika kwa rangi ya kucha, nyekundu. Mwavuli wake mweusi mkubwa aliuandika kwa rangi nyeupe ya mafuta, majina yote mawili, kuzunguka mwavuli mzima. Nikamuuliza kwa nini. "Majirani hawana haya, mzee. Kijiko kikitoka hakirudi."

"Na vitabu je?"

"Vitabu vinatoka na wenyewe."

Tena alikuwa mwongo, lakini wa simu tu. Unampigia, anakwambia yuko njiani, kumbe unasikia anajimwagia maji mgongoni. Kitabuni hakukubali uongo hata wa kupamba, lakini akikuahidi kufika saa nane, wewe kula, lala, amka. Na sufuria zake zote zilikuwa nyeusi chini, kwa sababu mtu akianza kusimulia anasahau maharage jikoni. Nilikula maharage ya kuungua kwa mwaka mzima. Sikulalamika, maana yalikuwa yanaungua kwa ajili yangu.

Lililo kubwa katika kazi yake lilikuwa sikio. Kwenye kurasa za mwisho za daftari langu alikuwa na orodha mbili. Ya kwanza, maneno ninayoyasema kila siku: bwana we, sikiliza, kazi ni kazi. Ya pili, maneno ambayo hajanisikia nikiyasema hata mara moja. Hiyo aliiita karantini. Neno likiwa karantini haliingii kitabuni hata liwe zuri namna gani. Akimaliza sura ananisomea yote kwa sauti, mimi nimefumba macho. Nikisikia pahali ambapo si mimi ninayesema, naambiwa niseme "simo." Mwanzo niliona haya, nikanyamaza. Akaacha kusoma.

"Mzee, hapo umekunja uso."

"Hapana, endelea."

"Umekunja. Sema."

"Simo."

"Haya. Ungesemaje?"

Nikasema. Akafuta, akaandika, akasoma tena. Mara nyingine sura nzima ilirudiwa kwa sababu ya simo nane au tisa. Hakukasirika hata siku moja. Kijana aliyenijia juzi nilimwambia habari hii akasema, mzee, hiyo inachosha. Nikamwambia basi nenda kauze vocha.

Tulikwenda hivyo mpaka sura ya nne. Sura ya nne ndiyo ilikuwa ya karakana, nami nilikuwa nimeitengeneza kichwani muda mrefu. Nilimwambia nilifika ufukweni nikiwa mbeba magunia, nikatazama mitumbwi, nikajifundisha mwenyewe, nikaanza peke yangu, hakuna mtu aliyenionyesha hata msumari. Nilishaisema habari hiyo kwenye harusi, kwenye vikao vya kanisa, hata redioni. Ukisema kitu miaka thelathini kinakuwa na mizizi.

Mwandishi hakuwa anakubali kuambiwa kazi bila kuonyeshwa. Akaja karakanani na mwavuli wake, akakaa juu ya gogo, akasema, "Fanya kama mimi sipo." Nilikuwa napanga mbavu za mtumbwi, zile mbao zilizopinda zinazoshika ubao wa pembeni. Nikaichukua kamba kutoka kwenye msumari wake.

"Hiyo nini?"

"Kipimo changu. Wengine wanatumia futi, mimi natumia kamba. Fundo kwa fundo ndiyo nafasi ya ubavu na ubavu. Mafundo tisa."

"Nani aliyafunga?"

"Mimi."

"Ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa mkono. Kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati."

Akaandika. Kisha akaweka daftari chini, akaja. "Niazime mkono, mzee." Nikampa, nikidhani ni utani. Akaweka fundo la kwanza kwenye kiwiko changu, akainyoosha kamba. Fundo la pili likapita ncha ya kidole changu kwa upana wa vidole vitatu. Akahamia fundo lingine. Vilevile. Lingine. Mimi ni mtu mfupi, na mikono yangu ni mifupi, kila mtu anajua. Nyundo zikanyamaza karakana nzima.

"Mzee," akasema taratibu, "mkono huu si wako."

"Kamba imevutika."

"Mafundo yote tisa yamevutika sawasawa?"

Nikanyang'anya kamba. "Nimekuita kuandika au kupeleleza?"

"Kuandika. Ila sura ya nne siwezi kuiandika mpaka nijue mkono huu ni wa nani."

"Andika nilivyosema!"

"Nitaacha ukurasa mweupe, mzee."

"Ukurasa mweupe kwenye kitabu changu? Toka! Toka na mwavuli wako!"

Mafundi wangu walikuwa wanaangalia chini kama watu waliodondosha msumari. Yeye hakupandisha sauti. Alifunga daftari, akafungua mwavuli kwa ajili ya jua, akasema, "Mfuko wako nautundika. Ukija utaukuta. Shikamoo." Nami sikuitikia. Mtu mzima, nimeamkiwa, sikuitikia.

Mkono ule ulikuwa wa Masatu Mafuru. Naandika majina yote mawili, kwa herufi ninazozijua mwenyewe. Alitoka Majita, upande wa Mara, mrefu kama mlingoti. Mimi nilikuwa mbeba magunia kweli, hilo si uongo. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye magunia, akanipa tezo, akanifundisha kuchonga, kupinda mbao kwa moto, kuziba nyufa kwa pamba ya Magu. Alifunga kamba ile kwa mkono wake ili mimi nisikosee. Tulifanya kazi pamoja miaka sita. Kisha mama yake akafariki, akaenda kuzika. Akiwa huko, akaja tajiri wa visiwani anataka mitumbwi kumi, akauliza fundi ni nani. Nikasema, ni mimi. Nikaenda kwa mchora mabango, nikaandikisha jina langu, nikalitundika juu ya lango.

Masatu alirudi, akasimama langoni, akalisoma. Alikuwa anajua kusoma kuliko mimi. Akaingia, akachukua tezo lake, kamba akaiacha msumarini. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akahamia Igombe, akawa anatengeneza mtumbwi mmoja mmoja, na tukikutana misibani tunasalimiana kama watu waliowahi kupanda basi moja.

Hayo ndiyo sikutaka yaandikwe.

Nikatafuta mwandishi mwingine. Kijana wa chuo, nadhifu, kompyuta mapajani. Sura ya nne aliimaliza kwa siku mbili na hakuuliza swali hata moja. Nikafurahi, nikamwita mke wangu aje asikie. Kijana akakohoa, akasoma: "Aghalabu nilipoyatazama mawimbi yaliyokuwa yakibusu fukwe, moyo wangu ulijawa na shauku isiyo kifani."

Mke wangu akashika mdomo. Bega likaanza kutetemeka. "Nani huyo?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe? Mawimbi yanabusu? Baba Neema, miaka arobaini tumelala kitanda kimoja, hata mimi hujasema unanibusu, leo mawimbi!" Akatoka nje akicheka, nikamsikia anamsimulia jirani pale kwenye mwamba wanakoanika nguo, na jirani naye akaanza kucheka.

Nilikaa pale nikimwangalia kijana wa watu anavyokunja kompyuta yake. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimegundua kwamba kitabu kizima ningesema simo.

Nikaenda Nyegezi. Nilifika saa tatu, nikakaa juu ya ndoo mpaka saa nne bila kupiga hodi. Akafungua. Mfuko wa njano ulikuwa msumarini pake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na ya siku ile pia, marahaba."

Akaniwekea kiti. Nikamweleza habari ya Masatu yote, kisha nikajitetea, maana mimi si mtu wa kushindwa haraka. Nikamwambia, "Lakini wewe mwenyewe unafanya kazi na jina lako halimo. Watu wanapigiwa makofi kwa maneno uliyoyapanga wewe. Mbona hulii? Kuna ubaya gani Masatu naye asiwemo?"

Akaninyooshea ile karatasi ya upande mmoja, yenye dole gumba langu. "Soma mstari wa tatu."

Nikasoma. Mwandishi ameomba jina lake lisiwemo.

"Mimi niliomba, mzee. Nikaweka sahihi. Yeye ulimuuliza lini?"

Nikamrudishia karatasi. Maharage yakaanza kunuka. Hakuinuka, wala mimi sikumkumbusha.

Sura ya nne tuliiandika kwa mwezi mzima. Hakunionea huruma wala hakunikandamiza. Nilipotaka kujipaka matope ili nionekane mnyenyekevu, alikataa vilevile, akasema hilo nalo ni koti la kuazima. Ilipokwisha, akaniambia zoea lake jingine, ambalo lilikuwa kwenye karatasi ila sikulitilia maanani: mtu anayetajwa kwa jambo zito lazima alisikie kabla ya mchapaji.

"Sawa," nikasema. "Mpelekee."

"Utampelekea wewe."

"Wewe ndiye unayejua kusoma."

"Aliyeandikisha jina moja tu langoni si mimi."

Tulikwenda Igombe kwa bajaji. Yeye akabaki karibu na barabara, akafungua mwavuli, akageukia ziwani kama mtu anayetafuta boti. Nikaenda peke yangu na karatasi zangu sita. Masatu alikuwa amekaa nje juu ya kreti la samaki. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, tezo halishiki tena.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu." Nina miaka sabini, lakini kwake mimi ni mdogo wangu. "Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kukusomea."

"Wewe? Kusoma?" Akageukia ndani. "Mama Bwire! Njoo uone maajabu, huyu amekuja kusoma!"

Mkewe akatoka na mikono ya unga. Nikasoma. Jasho lilinitoka kuliko siku za magunia. Nilikwama, nikarudi, nikaendelea kwa kidole. Nilipofika kwenye mtumbwi wetu wa kwanza akanikatiza.

"Hapo mmekosea. Mmeandika mbao za mvule. Mvule tulikuwa tunausikia tu sisi! Zilikuwa mbao za mti hata jina sikulijua, zilivuja siku ya kwanza, ukalia."

"Sikulia."

"Ulilia. Andika."

Mkewe akacheka. Nikaandika pembeni: nililia. Nikafika kwenye bango, nikalisoma lote, na kwenye jina lake. Kuku wawili wakapita kati yetu. Kisha akasema, "Rudia hapo penye jina."

Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu, na safari ile sikuhitaji kidole.

Nilikuwa nimeibeba kamba mfukoni. Nikaitoa bila kusema kitu. Akanyoosha mkono, nikaushika usitetemeke, nikaweka fundo kiwikoni. Fundo la pili likakaa juu ya ncha ya kidole chake kama kifuniko kwenye chupa yake.

"Irudishe msumarini," akasema. "Vijana wako watakosea mbavu."

Akaniambia tule. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, na Mwandishi akaitwa kutoka barabarani. Akala, akasifu dagaa, na hakusema neno hata moja la kitabu.

Uzinduzi tulifanyia ukumbi wa kanisa. Masatu alikaa mstari wa mbele, amevaa koti nililomshonea kwa fundi lifanane na langu. Mshereheshaji akanishtukiza: mzee, tusomee kidogo! Watoto wangu wakatazamana, maana wanajua. Mimi nikafungua sura ya nne, na nilikuta sihitaji kuisoma. Kila neno lilikuwa la kinywani mwangu, lilishapita masikioni mara kumi nimefumba macho. Nikasema ukurasa mzima kama ninavyosema na wewe sasa. Nilipotaja jina la Masatu watu walisimama. Yeye hakusimama, miguu ilimkataa, lakini alinyoosha mkono juu, ule mrefu.

Nilitafuta kwa macho mwavuli mweusi. Mwandishi alikuwa nyuma kabisa, mlango wa jikoni, anasaidia wapishi kumenya vitunguu. Alikuwa anafanya hivyo kila uzinduzi. Anakula pilau na wapishi, anaondoka kabla ya picha. Mgeni mmoja msomi akaniuliza, "Mzee, hiki umeandika mwenyewe?" Nikamwambia, "Maneno ni yangu." Si uongo. Nilijibu kama tulivyoandikiana.

Masatu alifariki kabla ya mwaka kwisha. Siku ya maziko mwanawe alibeba kitabu, kimefunguliwa sura ya nne. Bango la karakana sasa lina majina mawili, lake limeanza.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, nilikwenda Magu kumtazama Mwandishi. Anaishi kwa binti yake, macho yamepungua, haandiki tena. Misumari miwili ameipigilia ukutani kwa binti yake, mifuko imetundikwa, mitupu. Nilimpelekea daftari hili ninaloandika.

"Shikamoo mzee. Umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulianza saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na ulimaliza?"

"Saa nne."

Akatabasamu, akafumba macho. "Haya. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Mahali fulani nilikuwa nimemwandikia sifa ndefu, nyota inayong'aa na nini. Akasema, "Simo." Nikafuta. Habari ya sufuria akasema, "Ilikuwa mara mbili tu." Nikamwambia hapo mimi ndiye shahidi, haifutwi. Akacheka. Binti yake jikoni akasema mzee ana haki.

Nilipomaliza nikamwomba kwa mara ya mwisho niweke jina lake. Akatikisa kichwa. "Masatu hakuomba kufichwa, mzee. Mimi niliomba."

Nikanyanyuka kuondoka, mvua ikashuka ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Akapapasa nyuma ya mlango, akanipa mwavuli. "Utaurudisha," akasema. "Nina jina langu humo."

Nikatoka. Nilitembea katikati ya Magu mpaka stendi, polepole, nami si mtu wa kutembea polepole. Wauza mchele waliojibanza barazani walinitazama. Wanafunzi waliokimbilia chini ya bati walitamka kwa sauti, herufi kwa herufi, macho yao yanazunguka na mwavuli ninavyougeuza, jina la kwanza, kisha la pili. Nikaugeuza tena, taratibu, ili na wa upande wa pili nao wamalize kusoma.